Wanafunzi wa oparesheni risachi waletwe kwa mizani ya miwa

Mhariri,

Nafundisha oparesheni risachi, yaani hesabu za kusaidia watu kupanga kazi na kuamua vizuri, hapa Kakamega na nimechoka kuskia ati hii kozi imekufa. Haijakufa. Ndege zikipangiwa marubani, figo ya mtu ikitafutiwa mgonjwa anayelingana nayo, ni hesabu hizi hizi, ni vile tu siku hizi watu wanaziita AI.

Kenye kinaniuma ni vile tunaifundisha. Juzi nimepita karibu na kiwanda kimoja cha sukari huku kwetu, matrekta yamepanga laini mpaka barabarani, dereva mmoja akaniambia yuko hapo siku ya tatu, na miwa ikishakatwa haingoji mtu, inakauka, sukari inaharibika, na mkulima analipwa kwa uzito. Wanafunzi wangu wanajaza jedwali la simpleksi, ile njia ya George Dantzig ya 1947 ya kutafuta mpango bora kwa hesabu, bila kukosea, lakini hakuna hata mmoja amewahi kusimama kwa hiyo mizani na daftari aandike trekta gani imefika saa ngapi na imetoka saa ngapi.

Na hesabu yenyewe si ngumu! Mtaalamu wa fani hii, John Little, aliithibitisha 1961: chukua matrekta yanayofika kwa saa, zidisha na saa ambazo kila moja inangoja. Yakifika 8 kwa saa na kila moja ikikaa saa 20, hapo nje kuna 160. Sasa ukiongeza matrekta na kiwanda kinasaga kwa kasi ile ile, unarefusha laini tu, afadhali watu wakate miwa kulingana na kile kiwanda kinaweza kusaga siku hiyo.

Hata hii taaluma haikuanzia darasani. Wakati wa vita vya pili kule Uingereza, wanasayansi kama Patrick Blackett walikaa na wanajeshi wakasoma rekodi zao. Mabomu ya kupiga nyambizi yalikuwa yanalipukia futi 100 chini na nyambizi nyingi zilikuwa zinapatikana karibu na juu ya maji, mwanasayansi mwenzake E. J. Williams akasema yalipukie futi 25, na nyambizi zilizozamishwa zikaongezeka bila silaha mpya. Kufika 1979 Russell Ackoff, mtaalamu wa fani hii hii, alikuwa analia kwamba wenzake wamejifungia kwa hesabu wakaacha matatizo ya watu. Nikiangalia mtihani wetu naona bado analia.

Kwa hivyo naomba wenye viwanda watufungulie geti. Wanafunzi wanne, wiki mbili, daftari na saa. Nauli nitatafuta mwenyewe.

Mwalimu wa hesabu,
Kakamega