Jina la mboga halioteshi mboga

Mhariri,

Urithi wa bustani nchini Kenya ukitajwa magazetini, aghalabu tunaonyeshwa nyasi zilizofyekwa na maua ya mijini. Bustani iliyolisha nchi hii ni ile ya nyuma ya jiko, na mwenye kuitunza alikuwa, na bado ni, mwanamke. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili, iliyoanza 2007 na kuwashirikisha Waisukha wa Kakamega na Wapokot. Mimea ya kienyeji ipatayo 850 iliorodheshwa kwa majina yake ya asili. Tunashukuru, ila jina la mboga halioteshi mboga. Kinachoiotesha ni mbegu iliyochaguliwa, ikakaushwa na kuhifadhiwa sawasawa, na ujuzi huo wa akina mama ndio unaokosa kuandikwa.

Tuanze na kuchagua, maana hapo ndipo mboga inapofinyangwa. Saga, au mgagani, ina haraka ya kuchanua, hasa jua likiwa kali. Anayevuna mbegu kwenye shina la kwanza kuchanua, kwa kuwa limekomaa mapema, anajizalia saga ya kuchanua mapema zaidi. Baada ya misimu kadhaa shamba huwa maua matupu. Mama anayejua mbegu huyaacha mashina yaliyochelewa kuchanua, yenye majani mapana na matawi mengi, 20 au zaidi, huyafunga kitambaa cha alama na hayachumi hata jani moja. Kosa linalotuumiza sana ni kula mashina mazuri yote na kuachia mbegu yale dhaifu ya pembeni. Terere, yaani mchicha, nayo huchanganyika na terere mwitu kwa upepo, kwa hiyo ile ya mwitu hung'olewa kabla haijachanua.

Maganda ya saga huvunwa yakianza kugeuka manjano. Yakikauka kabisa shambani hupasuka na mbegu humwagika. Halafu kuna kungoja. Mbegu mpya ya saga hulala, na ikipandwa kabla ya miezi mitatu hivi huota kidogo sana. Wengi huitupa wakidhani ni mbovu. Haipendi mwanga pia, kwa hiyo ifunikwe kwa udongo mwembamba, isiachwe wazi juu ya tuta.

Managu, yaani mnavu, ndiyo inayoharibiwa zaidi. Tunda la kijani lina mbegu changa. Subiri liive na kulainika, liwe jeusi au rangi ya chungwa kulingana na aina. Ponda matunda kwa mkono ndani ya bakuli, tia maji kidogo, acha kivulini siku moja au mbili. Utaona povu na kusikia harufu ya uchachu: ute wa sukari uliozishika mbegu unaachia. Usipoachia, mbegu hugandana, hushika ukungu na kuota kwa shida. Ukizisahau siku nyingi kwenye joto, huanza kuchipua humo humo bakulini. Koroga, mwaga maganda na mbegu zinazoelea, suuza mara tatu au nne mpaka maji yawe meupe, kisha tandaza kwenye kitambaa kivulini. Bati lililopigwa na jua huzipika. Wakati wa kupanda, kijiko kimoja cha mbegu huchanganywa na vijiko kumi vya mchanga mkavu ili zisirundikane, na kina kisizidi sentimita moja.

Mbegu ya mrenda, au mlenda, ina ganda gumu. Mbegu hufungwa kitambaani na kuchovywa katika maji yanayokaribia kuchemka kwa sekunde kama 10, kisha mara moja kwenye maji baridi. Zikikaa zaidi zinakufa.

Kunde huliwa na fukusi, na mayai yake huanzia shambani, kabla ya kuvuna. Dawa ya jikoni ni majivu yaliyopoa na kuchekechwa: vikombe vitatu kwa vinne vya kunde zilizokauka, yashindiliwe chunguni au kibuyuni, na juu kabisa tabaka la majivu matupu la sentimita tatu. Majivu hujaza nafasi kati ya punje, mdudu akakosa pa kupita na kupandana. Konzi moja ya majivu, kama wengi wanavyofanya siku hizi, haizuii lolote.

Ombi letu kwa maafisa wa kilimo wa kaunti ni hili: kabla ya kugawa pakiti za dukani, waulize kwanza ni mama gani kijijini ana mbegu yake, na wamsaidie kuizidisha. Sampuli ikipelekwa benki ya jeni, yaani hifadhi ya taifa ya mbegu, kule Muguga, iandikwe pia jina la mama aliyeitoa, akikubali, pamoja na jinsi alivyoichagua na kuitunza.

Kwako, Mhariri: saga iliyovunwa Novemba itakuwa imelala vya kutosha ifikapo mwisho wa Februari, na masika huanza Machi. Kurasa zenu za kilimo za Februari zingewafikia wasomaji kwa wakati.

Wahifadhi wa mbegu za kienyeji,
Kakamega