Kabla hujalipia baiskeli ya mtumba

Wanakikundi, salaam. Mnaokwenda kutazama baiskeli wikiendi hii, anzeni na fremu. Vingine vyote vinabadilishika. Pitisha kidole chini ya bomba refu, pale linapoungana na shingo ya usukani. Rangi ikiwa imejikunja au ina ufa mwembamba wenye kutu, baiskeli hiyo huenda iligonga kitu kwa mbele. Iache, hata wakikupunguzia.

Kisha geuza uone namba ya fremu, mara nyingi ipo chini ya ekseli ya pedali. Ikiwa imesagwa, usinunue.

Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kitu kinagonga kwenye shingo ya usukani, beringi zimelegea au zimelika. Mikono ya pedali itikise kwa pembeni, isicheze.

Cheni nendeni na rula, tafadhali. Pima vipande 24, katikati ya pini hadi katikati ya pini: mpya ni milimita 304.8. Ikifika 308, meno ya nyuma nayo huenda yamelika, na ukifunga cheni mpya itaruka ukikanyaga kwa nguvu kupanda mlima. Hapo hesabu gharama ya vyote viwili.

Zungusha magurudumu ukitazama nafasi kati ya rimu na raba ya breki. Yumbo dogo hunyooshwa kwa kukaza spoku. Rimu iliyobonyea ubavuni kwa kuliwa na breki hainyooshwi, inaweza kupasuka.

Legeza kiti pia: bomba lake lipande na kushuka. Likiganda kwa kutu, kulitoa ni kazi kubwa.