Gari la zamani likigonga chini, tusikimbilie shokapu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, hili jambo limenikaa rohoni na najua wenye magari ya zamani tuko wengi. Gari likishafika miaka 15 hivi kelele za chini haziishi, na ukienda gereji jibu unalijua kabla hujashuka, shokapu, vile vifaa vya kutuliza gari lisinese, zimekufa, badilisha. Mimi nilibadilisha. Shokapu mbili mpya za mbele, natoka pale, tuta la kwanza tu nasikia koh koh ile ile. Nikarudi nikaambiwa basi itakuwa raba za juu ya shokapu, nikalipa tena, wapi. Mwisho fundi mwingine akalala chini, akashika stabilaiza linki kwa mkono akaitikisa, ikalia vile vile kama nilivyoisikia miezi miwili. Kijiti chembamba tu kinachoshika fimbo ya stabilaiza, ile inayozuia gari kulala kwenye kona, kimefungwa na nati mbili!

Sasa sisemi tuache vitu viishe mpaka vikatike, hapana. Ninachosema, tusiamue kwa kelele peke yake, tujiulize hiki kifaa kikiachia njiani gari litafanya nini. Linki ya stabilaiza ikikatika gari litalala zaidi kwenye kona na litapiga kelele, sio kitu cha kupuuza lakini unaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Boljointi, ile jointi ya kichwa cha mviringo inayoshika tairi na vyuma vya chini, ikichomoka tairi linakunjika na gari linakaa chini hapo hapo, hata kama uko spidi. Tairodi endi, ncha ya fimbo inayopeleka usukani kwenye tairi, ikiachia, tairi moja halisikii tena usukani. Hizi mbili hazina kusubiri, zikishaonyesha mchezo, yaani kulegea, unabadilisha wiki hiyo hiyo hata kama hazipigi kelele kabisa.

Na kuzikagua sio uchawi jamani. Gari linapigwa jeki na kuwekewa stendi, unashika tairi juu na chini unalitikisa, halafu kulia na kushoto. Likicheza juu na chini inaweza kuwa boljointi au wili beringi, ile beringi tairi linapozungukia, mwambie mwenzio akanyage breki, mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki angalia jointi. Likicheza kulia na kushoto tu, anza na tairodi. Halafu piga tochi kwenye buti, ile raba nyeusi inayofunika jointi. Ya kwangu ilikuwa imechanika upande wa nyuma ambako huoni ukichungulia kwa mbele, grisi imeshakuwa kama tope na ukiisugua kwa vidole unasikia mchanga. Ikifika hapo mchanga unasaga chuma kila unapokata kona.

Shokapu zenyewe ndo zinadanganya watu, maana mara nyingi zinakufa kimya kimya na wewe unazoea. Ile ya kukandamiza kona ya gari kwa mikono inakamata zilizokufa kabisa tu. Angalia gari linavyoendesheka, likivuka tuta linaendelea kunesa, ukifunga breki pua inazama sana, na pitisha kiganja kwenye tairi, ukisikia limelika mabonde mabonde hiyo ni dalili. Jasho kidogo la mafuta kwenye shokapu sio kesi, ila mafuta yakishatiririka mpaka chini hiyo imekwisha, na unabadilisha kulia na kushoto pamoja. Usiseme gari bado linatembea, tairi linalorukaruka halishiki barabara na breki zinachelewa.

Bushi, zile raba za kwenye maungio ya vyuma vya chini, nazo zina lao, raba inazeeka kwa miaka hata gari likiwa limepaki, kwahiyo kilomita chache sio kinga. Ila hapa mafundi wengi wanatuumiza bila kujua, wanakaza boliti za bushi za amu, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, gari likiwa bado juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, likishuka chini ile raba inakaa imejipinda muda wote na inachanika mapema, halafu tunalaumu spea. Boliti inawekwa tu, inakazwa kabisa uzito wa gari ukishakaa kwenye matairi. Na ukigusa amu au tairodi lazima alaimenti, yaani kupima na kunyoosha matairi, ifuatie, la sivyo matairi mapya yataliwa upande mmoja.

Ninachowaomba mafundi kupitia gazeti lako, tuonyesheni kwanza. Niite, nishike mwenyewe, nione kinavyocheza ndo ufungue, nami nitalipa kwa roho safi. Zile shokapu nilizotolewa bado ninazo, juzi nimeikandamiza moja mpaka chini, fimbo ikapanda yenyewe taratibu mpaka juu, na hakuna hata tone la mafuta.

Ni mimi msomaji wako,
Mwenye gari la zamani