Kwa mtani wangu: lile fuvu la Kalenga

Mtani wangu Mngoni,

Kamwene! Shemeji hajambo? Watoto na wajukuu je? Huku wazima, baridi ndiyo hiyo, mgongo wangu ndio huo. Baba Upendo anakusalimu, anasema ile pampu yake anaihitaji kabla ya vitunguu, usijifanye umesahau. Salamu zimetosha, nyingine utazidai kwa simu. Nina jambo, na nimeamua kuliandika kwa sababu kwa simu huwa unanikatiza kwa kicheko.

Jambo lenyewe ni fuvu la Kalenga, lile tunaloambiwa ni la Mkwawa, mtawala wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Siku ile tunatoka kwenye arobaini ya Mzee, bodaboda inakusubiri, ulinigeukia ukasema, "Lakini nyie Wahehe, mna uhakika gani kwamba yule ni yeye?" Nikakujibu kitani, watu wakacheka, ukapanda ukaenda zako. Wewe ukalala. Mimi swali limenikaa kooni. Unajua nilivyo: nimekula mshahara wa ukarani wa mahakama mpaka nikastaafu, siwezi kusikia habari ya maiti nisiulize kielelezo kiko wapi na kilipitia mikono ya nani. Basi nimelifungua jalada mwenyewe. Na lina mashimo, mtani.

Yasiyobishaniwa tuyapitie haraka. Agosti 17, 1891 Wahehe walimvizia kamanda wa Kijerumani Zelewski pale Lugalo, yule waliyemwita Nyundo, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya kikosi chake. Wajerumani hawakusahau. Oktoba 30, 1894 wakaivunja ngome ya Kalenga, lakini Mkwawa hawakumpata. Aliingia porini akawasumbua karibu miaka minne, na kichwa chake kikawekewa zawadi ya rupia 5,000. Hayo hata mtoto wa shule ya msingi huku atakueleza bila kukohoa.

Kesi inaanzia Mlambalasi, Julai 19, 1898. Sajini Merkl wa Wajerumani na askari wake walikuwa kwenye nyayo za Mkwawa. Njiani walimkamata kijana mmoja aliyekuwa akimfuata Mkwawa, akawaelekeza. Kwa maelezo ya Merkl mwenyewe, walinyata mpaka wakaona watu wawili wamelala kando ya moto, akafyatua bunduki. Kumbe ni maiti. Mkwawa alikuwa amekwisha jipiga risasi kabla hawajafika. Merkl akaamuru kichwa kikatwe, kikapelekwa Iringa kwa Kapteni Tom von Prince.

Umeiona hiyo? Maiti mbili, kichwa kimoja. Na anayewaonyesha yupi ni yupi ni kijana aliyeshikwa na watu wenye bunduki. Shahidi wa namna hiyo wakili yeyote wa mjini angemmaliza kabla ya chai ya saa nne. Lakini sisemi walikosea, maana lazima nimtendee haki hata Merkl: Iringa walikuwepo watu waliomjua Mkwawa uso kwa uso, na kilichofika pale kilikuwa bado ni kichwa, siyo fuvu. Kichwa kina sura. Mimi tatizo langu linaanza pale sura ilipoondoka.

Kuanzia hapo kielelezo kinapotea kwenye rejesta. Nani alikipokea, nani alikisafirisha, kilishuka bandari gani, kiliandikiwa namba ipi? Kinakuja kuibuka kwa jina tu mwaka 1919, tena mahali ambapo usingekitegemea: Mkataba wa Versailles. Wakubwa wamekaa Ufaransa wanagawana dunia baada ya Vita Kuu, na katikati ya mambo ya mipaka na fidia pana Ibara ya 246, inayoitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita, iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Ibara hiyohiyo inadai na msahafu wa Khalifa Othman uliochukuliwa Madina. Msahafu mtukufu na kichwa cha Mhehe kwenye ibara moja! Nilicheka peke yangu mpaka mama watoto akaja kuchungulia. Wajerumani wakajibu kwamba hawana fuvu hilo. Miezi sita ikapita, ikapita na miaka, jalada likalala.

Likaamshwa na Gavana Twining, Mwingereza aliyekuwa akiitawala Tanganyika. Mwaka 1953 akaenda mwenyewe Bremen, Ujerumani, kwenye makumbusho yenye mafuvu kama 2,000. Yaliyotoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani yalikuwa 84. Sasa sikiliza alivyofanya. Vichwa vya jamaa wa Mkwawa vilikuwa vimepimwa huku nyumbani, upana kwa urefu. Akayatafuta mafuvu yenye vipimo vinavyokaribiana na hivyo, akayatenga. Katika hayo yaliyotengwa, moja tu lilikuwa na tundu la risasi. Akasema ndilo.

Ndilo! Mtani, hilo ni gwaride la utambulisho ambalo mshukiwa hana uso, shahidi hajawahi kumwona, na mpanga mstari ndiye anayenyoosha kidole. Kwa ushahidi huo Mahakama ya Mwanzo isingemfunga hata mwizi wa kuku. Kichwa cha upana ule na urefu ule wanacho maelfu ya watu kuanzia hapa mpaka Mahenge. Na tundu la risasi? Hebu fikiri miaka ile ya Wajerumani ni Waafrika wangapi walipigwa risasi za kichwa. Halafu Merkl naye, kwa kauli yake, aliifyatulia maiti. Risasi yake ilikwenda wapi? Najikuta nayarudia haya usiku kama mtu mwenye kesi yake mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni mwaka. Mwaka huohuo wa 1953, pale Uingereza, ndipo wataalamu walipoeleza kwa mara ya kwanza umbo la vinasaba, hii DNA ambayo leo tunaagizia vipimo watu wakigombea mtoto. Gavana anapima kwa rula, na kwao wenzake wameshaushika ufunguo. Basi tu.

Na tarehe ya kurudi nayo itazame. Juni 19, 1954, Twining anamkabidhi fuvu Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, yule aliyekuja kuwa Spika wetu wa Bunge. Kenya Mau Mau inawaka. Siku kumi na nane baadaye, Julai 7, TANU inazaliwa Dar es Salaam. Mimi sidhani Twining alikuwa mjinga. Nadhani alihitaji fuvu kuliko alivyohitaji uhakika, na Wahehe walihitaji mzee wao arudi. Pande zote mbili zikipenda hukumu moja, nani atakata rufaa?

Nilikwenda Kalenga, nisikufiche. Makumbusho yenyewe ni nyumba ndogo, mikuki na ngao, na fuvu ndani ya kioo. Nimeshaingia mle nikiwa mtoto wa shule, nikiwa na wageni, sikuwahi kutazama. Nilikuwa nasujudu tu kwa macho. Safari hii niliinama mpaka pumzi ikatia ukungu kwenye kioo, nikawa nafuta kwa mkono wa koti. Fuvu la rangi ya chai iliyopoa. Mwongozaji, kijana mwenye adabu, akaanza maelezo yake ya kila siku, nami nikamkatiza kama wakili mbaya: "Mwanangu, wewe unaamini?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Shikamoo tena, mzee." Nimemwelewa kabisa.

Kule Kalenga ndipo lilipokuja wazo ambalo sijalitua mpaka sasa. Siku zote swali letu ni kama yule ni Mkwawa. Tuseme siye. Basi ni nani? Mtu aliyepigwa risasi ya kichwa, akakatwa, akavushwa bahari, akawekwa kabatini, akarudishwa kwa jina la mtu mwingine, na anapokea heshima za ukoo usio wake. Huyo hana hata tarehe ya kufa. Anaweza kuwa Mhehe, Mgogo, Mbena. Anaweza kuwa Mngoni! Usicheke, nasema kweli: huenda miaka yote hii tumekuwa tukimwinamia babu yako, na hapo utani wetu wote umekwisha, utatudai ng'ombe. Na wale wengine waliobaki Bremen katika wale 84? Kila mmoja ni kesi ya mauti isiyo na jalada, na hakuna Versailles iliyowaandikia ibara.

Sasa utaniuliza, vipimo si vipo? Vipo, na vinafanya kazi. Kule Berlin walichunguza mafuvu 1,135 yaliyokusanywa enzi za ukoloni, 904 ya Rwanda, 202 ya kwetu Tanzania, 22 ya Kenya. Mwaka 2023 wakatangaza kwamba vinasaba vya mafuvu matatu vimelingana na vya jamaa walio hai hapa Tanzania, mojawapo likiwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga. Walimtafuta Mangi Meli aliyenyongwa Old Moshi Machi 2, 1900, wakampata mshauri wake! Mangi mwenyewe bado. Unaona jinsi mambo haya yalivyo, unagonga mlango wa huyu anafungua yule.

Kwa hiyo kwa nini fuvu la Kalenga lisipimwe? Jamaa wapo, fuvu lipo. Nilimgusia mzee mmoja wa ukoo, unamjua, yule wa kofia. Alinitazama kwa muda mrefu, akaniambia, "Ukipima ukakuta siyo, utatuletea wewe jingine?" Sikuwa na jibu. Bado nasema wapime. Lakini nasema kwa sauti ndogo kuliko mwanzo, na si mimi wa kuamua, mimi si wa ukoo wa Mwamuyinga, ukoo wa kina Mkwawa.

Sasa ombi, na hapa usijifanye huna salio. Binti yako anayesomea uuguzi Ujerumani, yule aliyekuwa akinifukuza kwenye bao na kunifunga. Simtumi kutafuta fuvu, mwache mtoto wa watu asome. Namwomba tu siku akiwa na nafasi awaandikie wale wa makumbusho ya Bremen, kwa Kijerumani chake kizuri, aulize mambo mawili. Lile fuvu lililochukuliwa mwaka 1953 liliingia kwao lini na liliandikwa limetoka kwa nani? Jina la aliyelileta tu, namba ya rejesta tu, mimi karani hiyo inanitosha. Kama linasomeka limepokelewa kabla ya Julai 1898, kesi imekwisha palepale bila kipimo chochote. La pili, wale waliobaki wako wapi leo, na wameandikwaje?

Na wewe je, kwenu Songea? Nduna Songea Mbano, jemadari wenu, alinyongwa mwaka 1906, kichwa chake nacho kinasemwa kilivushwa, na mwaka 2023 rais wa Ujerumani alikuja pale kwenu, akaomba radhi, akaahidi watakitafuta. Umesikia lolote tangu hapo? Wale wa makumbusho ya Maji Maji wanasemaje? Kikipatikana, mtadai kipimo kwanza au mtalia kwanza? Mzee wako alikuwa akisema nini juu ya kaburi la Nduna, maana najua alikuwa na habari zake na mimi sikumuuliza akiwa hai? Na wewe mwenyewe, ungekuwa mjukuu wa damu, ungetaka kujua? Nijibu hilo la mwisho kwa maandishi, siyo ujumbe wa sauti, na usinichekee.

Mtani wako wa Iringa