Kikao cha Jumamosi: kutangaza kazi zetu mtandaoni

Wapendwa wanakikundi, habari za jioni.

Tunakutana Jumamosi saa 10 alasiri hapa Bagamoyo, nje ya Caravan Serai, lile jengo la kale la misafara. Mchango wa chai na bando ni sh. 3,000, mtumie mhazini kabla ya Alhamisi usiku.

Kila mmoja aje na linki za kurasa zake. Mwenye nyumba ya wageni ataweka linki ya muongoza watalii wa magofu ya Kaole, naye ya mchongaji, maana mgeni ni wetu sote. Kulipa watu watuwekee linki kwenye kurasa zao tusiguse kabisa! Google inahesabu linki hizo kuwa udanganyifu wa kupandisha ukurasa kwenye matokeo yake ya utafutaji, na tangu 2012 imezidi kuzibana. Na jamani, tusibandike matangazo chini ya taarifa za misiba ya watu. Inaumiza.

Unayekuja, andika "Nipo" kabla ya kesho saa 6 mchana, tujue idadi ya viti. Karibuni sana.