Edinburgh Tuianzie Juu

Glasgow,
12 Januari 2026

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako ilinifikia salama, nami niliisoma mara mbili siku hiyo hiyo: mara ya kwanza kwa furaha ya kujua kwamba Mama amekwisha kupata visa na atakuwa kwako London kuanzia Aprili, na mara ya pili kwa kulitafakari ombi lako kwamba ile safari ya Edinburgh niipange mimi, kwa kuwa ndiye niliye jirani na mji huo. Nifikishie shikamoo yangu kwake utakapozungumza naye. Umenitajia pia kwamba goti lake la kulia bado linamsumbua, na kwamba ngazi humchosha kuliko mwendo wa tambarare. Neno hilo limeugeuza mpango wote niliokuwa nao kichwani, na ndilo lililonifanya nikuandikie barua ndefu badala ya ujumbe wa simu.

Edinburgh ni mji ambao ukiutazama kwenye ramani tu utakudanganya. Mimi niliyajua haya kwa taabu mara ya kwanza nilipokwenda, mwezi wa Agosti, nikiwa na sanduku zito. Simu ilinionyesha kwamba hoteli niliyolipia iko hatua chache kutoka pale niliposimama, nikazunguka nikiitafuta hadi nikachoka, nikaegemea ukuta wa barabara ili nipumzike. Nilipotazama chini nikakiona kibao cha hoteli yenyewe, kikining'inia juu ya mlango ulio chini yangu kabisa, kama mtu aliye kwenye paa anavyoutazama uwanja. Nilikuwa juu ya daraja la George IV wala sikujua kwamba ni daraja, kwa sababu majengo yamejipanga pande zote mbili kama mtaa wowote, na hoteli ilikuwa katika mtaa wa Cowgate unaopita chini yake. Niliteremka kwa ngazi za mawe zilizolowa mvua, sanduku nikilishusha ngazi moja moja, na kila nilipopumzika nilijiuliza mtu mzima mwenye goti bovu angefanyaje pale. Daraja la jirani, South Bridge, lililokamilika mwaka 1788, ndilo la ajabu zaidi: lina matao 19, lakini anayepita leo huliona moja tu, kwa kuwa mengine yote yamefichwa na majengo yaliyojengwa ubavuni mwake.

Kwa hiyo nimeupanga mwendo wetu kwa kufuata mteremko. Mwamba ulioibeba ngome ya Edinburgh ni kiini cha volkano iliyozimika miaka takriban milioni 350 iliyopita. Zama za barafu zilipokuja, barafu nzito ilisukumwa kutoka magharibi, ikashindwa kuuvunja mwamba huo mgumu, ikaupita kando na kuacha nyuma yake, upande wa mashariki, mgongo mrefu wa ardhi unaoshuka polepole kama mkia. Juu ya mkia huo ndipo ulipojengwa Mji wa Kale, na barabara kuu inayoufuata mgongo huo, Royal Mile, inatoka mlangoni mwa ngome hadi kwenye kasri la Holyrood, urefu wa kilomita 1.8 hivi. Wageni wengi huuparamia mwinuko huo kutoka kituo cha treni, kilichojengwa bondeni, wakafika juu wakiwa hoi. Sisi tutampandisha Mama kwa teksi hadi juu kabisa, kisha tushuke naye taratibu tukipumzika kila anapotaka.

Tarehe ninazopendekeza ni Alhamisi 14 Mei hadi Jumapili 17 Mei. Umesema Mama angependa awe amerudi Tanga kabla ya Idi Kubwa, ambayo mwaka huu inatarajiwa siku za mwisho za mwezi huo, na tarehe hizo zitamwachia nafasi ya kutosha. Agosti siitaki hata kidogo, ingawa ndio mwezi wa matamasha yaliyoanza mwaka 1947 na ambayo dunia nzima huyafuata, kwa sababu bei za vyumba hupanda mno na njia hujaa watu bega kwa bega. Tena, kuanzia 24 Julai mwaka huu, jiji litawatoza wageni wanaolala huko asilimia 5 ya gharama ya malazi, nasi tutakuwa tumekwisha ondoka.

Kuhusu usafiri, treni ya moja kwa moja kutoka King's Cross huchukua saa nne na nusu hivi. Tiketi za bei nafuu hutolewa wiki 12 kabla ya safari, yaani karibu na mwanzo wa Ramadhani, na huisha haraka, basi uzichungulie kila siku kuanzia katikati ya Februari. Mkalishe Mama dirishani, upande wa kulia. Mkipita Durham ataliona kanisa kuu lililo juu ya kilima, na baada ya Newcastle bahari itajitokeza, na kwa muda mrefu reli itakwenda nayo sambamba. Mtu wa Tanga aliyekaa wiki kadhaa London bila kuiona bahari atafurahi, hata kama bahari hiyo ni ya rangi ya risasi. Visa yake ya Uingereza inamfikisha Uskoti bila ya kukaguliwa tena.

Malazi ndiyo niliyoyafikiria kwa muda mrefu kuliko jambo jingine lolote. Vyumba vizuri vya kukodi vimo ndani ya majengo ya zamani ya mawe, lakini vingi viko ghorofa ya tatu au ya nne na lifti hakuna, na katika Mji Mpya, ule uliochorwa na James Craig mwaka 1767, baadhi viko chini ya usawa wa barabara na hufikiwa kwa ngazi za nje. Ninaona tukae upande wa kusini, karibu na Nicolson Street, katika hoteli yenye lifti, na kabla ya kulipa nitapiga simu niulize kwa maneno yangu mwenyewe kama kuna ngazi yoyote kati ya mlango wa nje na lifti. Sehemu hiyo ni tambarare, mabasi hupita mfululizo kuelekea katikati ya mji, na msikiti mkuu, uliofunguliwa mwaka 1998 pale Potterrow, uko karibu, pamoja na mikahawa ya vyakula halali inayouzunguka. Nauli ya basi tutalipa kwa kadi, kwa sababu dereva hatoi chenji. Mabasi ya bure kwa waliotimiza miaka 60 ni ya wakazi wa Uskoti tu, kwa hiyo Mama hayamhusu.

Alhamisi nitawapokeeni kituoni Waverley. Hapo pana ngazi za umeme na lifti za kutufikisha Princes Street, na ng'ambo tu iko bustani iliyo chini ya ngome, mahali ambapo zamani palikuwa na ziwa chafu lililokaushwa. Tutakaa kwenye benchi, tunywe chai, tusifanye jambo jingine zaidi ya kuutazama mwamba. Karibu na mnara wa kumbukumbu ya mwandishi Walter Scott ipo sanamu ya David Livingstone, kazi ya mchongaji mwanamke, Amelia Hill. Mama alikuwa akitusimulia darasani habari za Ujiji na za Bagamoyo, na kila nikipita mbele ya sanamu hiyo huwakumbuka Chuma na Susi, waliouchukua mwili wa mtu huyo kutoka bara hadi pwani, wakafika nao Bagamoyo mwaka 1874. Ningependa Mama awataje majina yao pale kwa sauti yake.

Ijumaa asubuhi tutakwenda Makumbusho ya Taifa ya Uskoti, Chambers Street. Kiingilio ni bure, lifti zipo, na viti ni vingi. Humo yumo kondoo Dolly, aliyezaliwa mwaka 1996 kutokana na seli ya kondoo mwingine mzima, na zimo kete 11 za sataranji zilizochongwa kwa pembe ya walarasi (walrus), mnyama wa baharini, na kupatikana katika kisiwa cha Lewis. Lakini ninachomtakia Mama hasa ni ghorofa ya saba, ambako pana roshani ya wazi juu ya paa, na lifti inafika huko. Ataiona ngome, atauona mlima wa Arthur's Seat, ataiona na Forth, ghuba ya bahari iliyo kaskazini mwa mji, bila ya kupanda ngazi hata moja. Kutoka hapo hadi msikitini ni mwendo mfupi, nasi tutawahi sala ya Ijumaa.

Baada ya sala ndipo tutakapokwenda mahali alipopaulizia yeye mwenyewe, yaani alikosoma Mwalimu. Nyerere alifika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949 akahitimu shahada ya M.A. mwaka 1952, akiwa amesoma historia, uchumi, falsafa na mengineyo, na baadaye alisema mwenyewe kwamba fikra zake za siasa zilikomaa huko. Miaka miwili tu baada ya kurudi kwake, TANU ikazaliwa. Majengo mengi ya kale ya George Square yalibomolewa katika miaka ya 1960, basi tusimwahidi Mama kwamba ataona kila alichokiona Mwalimu. Upande wa magharibi wa uwanja huo, hata hivyo, nyumba za zamani bado zimesimama, na jengo la Old College lipo vilevile. Nimewahi kukaa kwenye uwanja huo jioni moja ya Novemba, giza limeingia saa kumi na nusu na upepo unakata masikio, nikamfikiria kijana wa Butiama akitembea hapo peke yake miaka ile, barua ya nyumbani ikichukua wiki kadhaa kumfikia. Nyuma ya George Square kuna uwanja mpana wa nyasi uitwao The Meadows, nao hauna mwinuko kabisa. Hapo Mama atatembea apendavyo.

Jumamosi ndiyo siku ya ngome. Nitakata tiketi mapema mtandaoni, za saa tatu na nusu asubuhi, mlango unapofunguliwa. Ndani pana mteremko mkali wa mawe ya mviringo, ila kuna gari dogo la kuwapandisha wenye shida ya kutembea, nami nitaliulizia siku hiyo hiyo ya kukata tiketi. Uliniuliza juu ya Jiwe la kuwatawazia wafalme wa Uskoti: halipo tena ngomeni, lilihamishiwa makumbusho ya mji wa Perth mwaka 2024. Taji na upanga vipo, na lipo kanisa dogo la Mtakatifu Margaret la karne ya 12, jengo kongwe kuliko yote mjini. Tutakaa hadi saa saba kamili mchana, mzinga utakapolia. Mzinga huo umekuwa ukilia tangu mwaka 1861, kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, ili mabaharia waliotia nanga Forth warekebishe saa zao, kwa maana bila ya saa sahihi baharini nahodha hawezi kujua yuko wapi. Kabla yake walitegemea mpira mkubwa unaoshushwa kwenye mnara wa Nelson, juu ya kilima cha Calton, lakini siku za ukungu mpira hauonekani. Ziliwahi hata kuchapishwa ramani za kuonyesha sauti huchukua sekunde ngapi kufika kila mtaa. Mwonye Mama mapema, maana mshindo wake huingia kifuani.

Kisha tutashuka. Kila baada ya nyumba chache kuna kichochoro kinachotumbukia bondeni, na humo nyinyi wawili mtanisamehe nikimzuia Mama asiingie, kwa kuwa kila kichochoro kinachoshuka kitadai kupandwa tena. Tutapumzika kanisani St Giles, na tukifika kwenye makutano na lile daraja la South Bridge tutamuuliza anajionaje. Akiwa amechoka, basi la kurudi hotelini linapita hapo hapo. Akiwa na nguvu, tutaendelea hadi Holyrood.

Jumapili, yeye akiwa amelala, wewe na mimi tupande Arthur's Seat, mita 251, mara baada ya alfajiri. Jua litachomoza kabla ya saa kumi na moja, na litakuwa limetua siku iliyotangulia saa tatu na robo usiku, basi uizingatie ratiba ya sala na ya usingizi pia. Treni yenu iwe ya alasiri.

Mletee Mama koti lenye kofia, si mwavuli, kwa sababu upepo wa kule huugeuza mwavuli ndani nje. Viatu viwe vya soli nene ya mpira, awe amevivaa wiki mbili kabla. Na siku moja kabla ya mwisho wa mwezi huu, unijibu mambo mawili: kama mnataka vyumba viwili au kimoja kikubwa, na kama anaweza kupanda basi kwa mguu wa kushoto bila ya kushikwa. Hilo la pili, mwombe alijaribu nyumbani Tanga kwenye daladala, akuambie ukweli.

Ni mimi,
Somo wako