Barua kwa vijana mnaoandika hadithi za sayari za misitu

Wajukuu zangu,

Hadithi zenu nimezisoma zote, nyingine mara mbili. Kalamu mnazo, nawapongeza. Lakini nimeudhika, na siwezi kulinyamazia.

Karibu kila hadithi ni ileile: chombo kinatua kwenye sayari ya msitu, walowezi wanashuka, na kufikia ukurasa wa pili moto umeshawashwa. Msitu unafyekwa, mji unasimama, nanyi mnauita huo ushujaa. Wenyeji, wakiwapo, ni vivuli vyenye meno. Nani aliwafundisha kwamba pori halina mwenyewe? Ndiyo maneno yaliyowapokonya babu zenu ardhi ya pwani hii, na hadi leo wako wanaoitwa maskwota palepale walipozikwa wazee wao. Halafu nyinyi, watoto wa hao hao, mnayapeleka maneno hayo hadi kwenye nyota!

Mnataka walowezi wa msituni? Nendeni kaya, yaani miji ya kale ya Wamijikenda, watu wa pwani ya Kenya. Wamijikenda husimulia kwamba walihama Shungwaya, nchi wanayoiita asili yao, wakikimbia maadui, wakajenga miji yao ndani ya msitu. Hawakuumaliza, maana ndio uliokuwa ukuta wao: njia nyembamba, lango, na ndani fingo, yaani kago, iliyozikwa kulinda mji. Babu alinipeleka nikiwa na miaka tisa. Langoni tulivua viatu. Mbele kidogo nikaokota kijiti kikavu, cha kuchezea tu. Babu akasimama, akanikunjua vidole kimoja kimoja, akakirudisha kijiti pale pale nilipokitoa, akakifunika kwa majani. Hakunigombeza. Tukaendelea na safari.

Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wameshahama kaya hizo, na mwaka 2008 UNESCO ikaingiza baadhi yake katika Urithi wa Dunia. Lakini hadithi bado imo mle: mlowezi amekatazwa kukata hata ukuni mmoja, na usiku huo mtoto wake anatetemeka kwa baridi. Afanyeje? Hapo ndipo mwandishi anapotoka jasho.

Na someni. Zamani waandishi waliijaza sayari ya Zuhura mabwawa na misitu, kwa sababu mawingu yake yaliwaficha ya chini. Chombo cha Marekani, Mariner 2, kikapita karibu nayo mwaka 1962, na cha Wasovieti, Venera 7, kikatua mwaka 1970, ikajulikana kwamba joto la huko linakaribia nyuzi 460 za Selsiasi. Hakuna jani linaloota.

Mengine ni machache. Tuambieni walowezi wanakula nini. Si lazima kila nahodha awe na jina la Kizungu. Mhariri si adui yenu.

Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa barazani. Yule aliyeandika kuhusu binti anayezungumza na mizizi aje wa kwanza. Yake nimeisoma mara tatu, na ukurasa wa mwisho ameuchoma msitu wote. Nataka aniambie kwa nini.

Babu yenu